Kasoro za Uti wa Mgongo Zinazogundulika Ukubwani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Mtu anaweza kuzaliwa na kasoro katika uti wa mgongo, akatambaa, akatembea, akasoma, akalima, akazaa, na asijue lolote hadi afikishe umri wa miaka 30, 40 au zaidi. Siku moja anakwenda kupigwa picha ya eksirei kwa sababu ya maumivu ya kiuno, na ripoti inarudi ikiwa na maneno ya kitaalamu ambayo hakuna anayemfafanulia. Kuanzia hapo mlaji huyu yuko njia panda. Upande mmoja wapo watu walio tayari kumuuzia tiba ya jambo lisilohitaji tiba. Upande wa pili ipo hatari ya kupuuza jambo linaloharibu mishipa yake ya fahamu kidogo kidogo, wakati ambapo uharibifu huo ungeweza kuzuiwa. Katika sura hii tunaeleza namna ya kuzitofautisha hali hizo mbili, kwa kuwa hasara nyingi, za fedha na za afya, hutokana na kuzichanganya.

Mifupa ni kitu kimoja, ugwe ni kingine

Katika mazungumzo ya kawaida, neno "uti wa mgongo" hubeba maana mbili. Yapo mifupa iliyopangana kutoka shingoni hadi nyuma ya nyonga, na upo ugwe mlaini unaopita ndani ya mifupa hiyo, ukipeleka amri za ubongo mikononi, miguuni na kwenye kibofu. Daktari akisema kwamba una kasoro ya uti wa mgongo, swali la kwanza la kumuuliza ni hili: kasoro iko kwenye mfupa peke yake, au imeugusa ugwe? Karibu kila uamuzi utakaofuata hutegemea jibu hilo. Katika sura hii mifupa tutaiita pingili, na ule ugwe tutauita ugwe wa fahamu.

Kwa kawaida binadamu huumbwa na pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zinazoungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na 4 ndogo za kifandugu. Ugwe wa fahamu huanza kuumbika mapema mno. Huanza kama utando bapa, kisha kingo za utando huo hujikunja, hukutana na kuwa mrija. Kazi hiyo hukamilika yapata siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo akina mama wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito. Mrija usipofunga vyema upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, hali inayoonekana tangu siku ya kwanza. Lakini kuna wakati ngozi hufunika vizuri, na kasoro hubaki chini yake bila mtu kuiona. Hiyo ndiyo inayotuhusu hapa.

Ufa usiohitaji tiba

Kasoro iliyo ya kawaida kuliko zote ni ufa mdogo katika tao la nyuma la pingili, hasa pingili ya mwisho ya kiuno au ya kwanza ya mfupa wa nyonga. Jina lake la kitaalamu ni spina bifida okulta, yaani mgongo wazi uliofichika. Jina hilo linatisha kuliko jambo lenyewe. Kwa makadirio ya kawaida, watu kati ya 10 na 20 katika kila 100 wanao ufa wa aina hii, na walio wengi hawaumwi chochote kutokana nao. Ugwe wao ni mzima, mishipa yao ni mizima, na ufa huo si jeraha wala si mvunjiko.

Kwa hiyo mtu anayeumwa kiuno, akapigwa eksirei na ufa huo ukaonekana, hajapata bado jawabu la maumivu yake. Maumivu ya kiuno yamezagaa, na ufa huo nao umezagaa. Vitu viwili vilivyozagaa kukutana ndani ya mtu mmoja hakuthibitishi kwamba kimoja kimeleta kingine. Huenda kiuno kinauma kwa sababu ya misuli, kwa sababu ya diski iliyochoka, au kwa sababu ya ugonjwa ambao ni hatari kuuchelewesha. Kifua kikuu cha uti wa mgongo na ugonjwa wa bruseła utokao kwa mifugo bado vipo katika nchi zetu. Mwenye homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito au maumivu yanayomwamsha usingizini asikubali kufungiwa jalada kwa kuambiwa tu kwamba alizaliwa na ufa.

Tungependa kusema wazi kwamba hakuna mkanda, godoro, dawa ya kupaka wala unga wa kalsiamu unaoweza kuziba ufa wa kuzaliwa nao kwa mtu mzima. Anayeuza bidhaa kwa madai hayo anauza ahadi. Mkanda wa kiuno unaweza kumpunguzia mtu maumivu kwa muda anapofanya kazi nzito, na hilo ni jambo la haki kulisema. Kusema kwamba unarudisha pingili mahali pake au unafunga ufa ni kumpotosha mlaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya Tanzania inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara.

Ugwe ulionaswa

Sasa tumtazame mtu wa aina nyingine. Tumchukue, kwa mfano tu, mama wa miaka 34 auzaye mboga sokoni. Tangu utotoni mguu wake wa kushoto ni mdogo kuliko wa kulia. Hununua viatu vya kutosha mguu mkubwa, na kile cha kushoto hukijaza kitambaa mbele. Juu kidogo ya makalio ana shungi la nywele ambalo mama yake alimwambia kuwa ni alama tu ya kuzaliwa. Baada ya uzazi wake wa pili, uliochukua muda mrefu, akaanza kusikia maumivu yanayochoma kutoka kiunoni hadi miguuni, yakizidi kila anapoinama kupanga mafungu ya mchicha. Kisha wayo ukaingia ganzi. Kisha mkojo ukaanza kumtoka kabla hajafika msalani.

Mama huyu anaweza kuzunguka miaka mingi. Kuhusu mkojo ataambiwa kwamba ndivyo walivyo wanawake waliozaa, au atapimwa fistula na kuonekana hana. Kuhusu mguu ataambiwa ni uchovu. Kuhusu kiuno atauziwa vidonge. Angekuwa mwanamume wa miaka 55, huenda angeambiwa kuwa mkojo ni tezi dume. Kila jibu linaonekana kuwa na mantiki likisimama peke yake. Ambacho hakijafanyika ni kuziweka dalili zote juu ya meza moja: mguu, nywele, kiuno na kibofu.

Mama huyu anaweza kuwa na ugwe wa fahamu ulionaswa. Mwanzoni, mtoto akiwa tumboni, ugwe hujaza mfereji wote wa pingili. Kadiri mimba inavyokua, mifupa hurefuka kwa kasi kuliko ugwe, na ncha ya ugwe hupanda hadi kwa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kwa baadhi ya watu, uzi unaoshikilia ncha hiyo ni mnene kupita kawaida, au kuna donge la mafuta lililogandana na ugwe, nao hushindwa kupanda. Hubaki umefungwa chini kama kamba iliyokazwa. Kila kuinama huuvuta, damu inayoulisha hupungua, na mishipa huanza kuchoka. Mwingine huanza kuugua utotoni. Mwingine huvumilia miongo kadhaa hadi kuanguka, kubeba mzigo mzito, au kulala na miguu iliyoinuliwa kwa muda mrefu wakati wa kujifungua kuchochee dalili.

Nywele, kishimo kilicho juu ya mpasuko wa makalio, uvimbe laini wa mafuta, au doa jekundu katikati ya kiuno ni alama za nje ambazo mtu hawezi kuziona mwenyewe. Mwombe mtu unayemwamini akutazame mgongo. Ni uchunguzi usio na gharama yoyote, na inashangaza ni mara ngapi mgonjwa wa kiuno hutibiwa bila kuvua shati. Kukosa alama, hata hivyo, hakuondoi uwezekano. Mwenye udhaifu wa mguu, ganzi inayoongezeka au kibofu kisichotii anahitaji kuchunguzwa, awe na alama au asiwe nayo.

Upasuaji wa kuufungua ugwe upo, na katika Tanzania madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu wanapatikana katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoko Dar es Salaam, ambako mgonjwa hufika kwa rufaa. Mlaji ajue mapema ni nini kinachoweza kutegemewa. Maumivu ndiyo yanayopungua kwa wagonjwa walio wengi. Nguvu za mguu hurejea kwa baadhi. Kibofu kilichoharibika kwa muda mrefu mara nyingi hakirudi kilivyokuwa, na hapo ndipo kuchelewa kunapodai gharama yake. Upasuaji wenyewe una hatari zake: maji yanayouzunguka ugwe yanaweza kuvuja, maambukizi yanaweza kuingia, na ugwe unaweza kunaswa upya. Kwa mtu aliyegundulika kwa bahati na asiye na dalili yoyote, madaktari wenyewe hawana kauli moja kama apasuliwe au afuatiliwe tu. Kuomba maoni ya daktari wa pili si utovu wa adabu. Anayekuahidi kupona kabisa muulize ahadi hiyo ameijengea juu ya nini.

Zipo dalili zisizosubiri miadi. Ukishindwa ghafla kukojoa, au ukapata ganzi katika sehemu za siri na mapajani kwa ndani, pale mwili unapogusa kiti cha baiskeli, au miguu yote miwili ikalegea, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Shingo, mikono, na miguu inayochoka

Kasoro nyingine tutazipitia kwa ufupi. Kuna watu ambao pingili mbili au zaidi za shingo zimeungana tangu kuzaliwa, hali iliyoelezwa na madaktari wa Ufaransa Maurice Klippel na André Feil mwaka 1912. Baadhi wana shingo fupi na nywele zinazoshuka chini kisogoni, ila wengi hawana sura hiyo na hujua tu kwamba hawageuki vizuri. Kwa kuwa pingili zilizoungana hazisogei, zile za jirani hubeba kazi yote na kulegea mapema. Mtu wa namna hii asimruhusu kinyozi wala mkandaji kumwalisha shingo, na amuulize daktari kabla ya kuendelea kubeba ndoo za maji kichwani. Waliozaliwa na pingili zilizoungana au pingili nusu, zile zinazopindisha mgongo upande, wana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kuwa na kasoro ya figo pia, wakati mwingine figo moja tu. Kipimo cha altrasaundi ya tumbo hulijibu swali hilo kwa urahisi.

Mwingine huungua jikoni asisikie. Akishika sufuria, mkono unaona mguso lakini hauoni moto. Hiyo yaweza kuwa dalili ya upenyo wenye maji ndani ya ugwe, ambao mara nyingi hufuatana na kasoro ya kuzaliwa nayo pale ubongo unapokutana na shingo. Maumivu ya kisogo yanayokuja kwa kukohoa au kupiga chafya ni mwenzake. Haya si mambo ya kupakwa dawa ya kuchua.

Na wapo waliozaliwa na mfereji mwembamba wa pingili. Ujanani hawana shida. Kadiri umri unavyoongeza uchakavu, nafasi iliyokuwa ndogo tangu mwanzo huisha mapema, na miguu huwa mizito wanapotembea, ikapata nafuu wakikaa au wakiinama kidogo. Mwenye hali hii mara nyingi huona kuendesha baiskeli ni rahisi kuliko kutembea.

Kabla ya kulipia kipimo

Eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi ugwe. Kipimo kinachoonyesha ugwe na mishipa ni MRI, ambacho hakitumii mionzi ya eksirei lakini ni ghali na hakipatikani kila mkoa. Ndiyo maana kukirudia kwa sababu ya maelekezo mabovu ni hasara inayouma. Kabla ya kulipa, hakikisha barua ya daktari inataja sehemu inayopaswa kupigwa na kile anachokishuku. Anayeshukiwa kuwa na ugwe ulionaswa anahitaji picha inayofika hadi mfupa wa nyonga. Picha ikiishia juu ya hapo, huenda sehemu yenye jibu ikaachwa nje. Uliza bei ya jumla, ikiwamo ripoti na dawa ya kung'arisha picha kama itatumika, na kama una bima uliza kwanza ikiwa kadi yako inalipia. Mwambie mhudumu kama una chuma au kifaa chochote mwilini.

Ripoti zetu nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mlaji anayo haki ya kuelezwa kwa lugha anayoifahamu, na kwa maoni yetu malipo ya kumwona daktari hayajakamilika hadi maelezo hayo yatolewe. Maswali matatu yanatosha kuanzia. Kilichoonekana kinaeleza dalili zangu zote, au baadhi tu? Ugwe wangu unaishia pingili ipi? Nisipofanyiwa lolote, nitarajie nini? Kisha chukua nakala ya picha na ripoti na uzitunze mahali pakavu, kwa maana daktari wa miaka kumi ijayo atataka kulinganisha.

Vidonge vya maumivu vina sura yao. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kwa urahisi, na mwenye kiuno kibovu huzimeza kwa miezi bila mtu kumuuliza. Dawa hizi zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, na tumekwisha kusema kwamba baadhi ya waliozaliwa na kasoro ya pingili wana figo moja bila kujua. Usipitishe siku chache bila ushauri wa daktari au mfamasia. Kwa upande wa wakandaji, kumkanda misuli mtu aliyechoka si kosa, lakini kukanyaga mgongo, kuvuta miguu au kupinda kiuno kwa nguvu cha mtu mwenye ganzi au udhaifu ni hatari. Watoa tiba asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na madaktari na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuomba kuonyeshwa cheti cha usajili ni haki yako kwa wote hao.

Mama mjamzito na mtoto wake

Sindano ya ganzi ya mgongoni, inayotumika sana katika upasuaji wa kujifungua, huchomwa chini ya mahali ugwe unapoishia kwa watu wengi. Kwa mwenye ugwe ulionaswa, ugwe unaweza kuwapo pale pale sindano inapoingia. Mama mwenye alama mgongoni, mwenye kasoro iliyokwisha kuonekana kwenye picha, au aliyewahi kupasuliwa mgongo alitaje jambo hilo kliniki mapema, akutane na mtaalamu wa usingizi kabla ya uchungu. Wengi wenye ufa wa mfupa tu huweza kuchomwa sindano hiyo bila shida, lakini mwamuzi ni mtaalamu mwenye picha mkononi, na saa nane za usiku katika chumba cha upasuaji si wakati wa kuanza kuitafuta picha hiyo.

Vidonge vya foliki asidi, maikrogramu 400 kwa siku, hupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa kuwa mrija hufunga mwezi wa kwanza, huanzwa kabla ya mimba, si baada ya kwenda kliniki. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kipimo kikubwa zaidi atakachoandikiwa na daktari. Kanuni za urutubishaji wa chakula nchini Tanzania za mwaka 2011 ziliweka foliki asidi katika unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani. Anayesaga mahindi yake mtaani kwa kawaida haipati humo, hivyo vidonge kwake vina umuhimu zaidi.

Mtoto akizaliwa, bibi anayemwogesha na kumkanda kwa mafuta ndiye mara nyingi huuona mgongo wake kwa mwanga wa mchana. Kishimo kidogo kilicho chini kabisa, ndani ya mpasuko wa makalio, kwa kawaida hakina neno. Kishimo kilicho juu zaidi, nywele, uvimbe au doa katikati ya kiuno apelekwe nacho kituo cha afya ndani ya wiki za mwanzo. Katika miezi mitatu ya kwanza, kabla mifupa haijakomaa, altrasaundi ya kawaida huweza kuuona ugwe wa fahamu. Baada ya hapo itahitajika MRI, na pengine dawa ya kumlaza mtoto ili atulie ndani ya mashine.